Shajara ya mradi: maboksi manne ya honi ya kukunja, spika ya inchi 15, Tanga

Wiki ya 1. Spika kwanza, mbao baadaye

Kinachojengwa ni maboksi manne ya besi, kila moja na spika moja ya inchi 15 nyuma ya honi iliyokunjwa ndani ya boksi. Kazi yake ni muziki wa harusi na taarab za uwanjani. Masharti ni matatu: yote manne yaingie kwenye kirikuu kimoja kwa safari moja, watu wawili waweze kunyanyua boksi moja bila kuumia mgongo, na gitaa la besi lisikike noti kwa noti. Taarab ya Tanga, tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, imesimama juu ya gitaa la besi. Boksi linalonguruma noti moja tu halifai mji huu.

Anayelijua baragumu anaijua honi: koo jembamba, mwili unaopanuka taratibu, mdomo mpana. Karatasi ya spika ni nzito na hewa ni nyepesi. Spika ikiwa wazi inapunga tu, kama mtu anayepiga kafi juu ya maji badala ya ndani yake. Honi inaipa karatasi hewa ya kuegemea, na nguvu ileile ya amplifaya inatoa sauti kubwa zaidi huku karatasi ikitembea kidogo.

Dukani kulikuwa na aina mbili za spika. Ya kwanza ina sumaku pana na maandishi ya wati 1,500. Ya pili haina majigambo. Maandishi hayaingii kwenye hesabu za honi. Kinachoingia ni Fs (masafa ambayo karatasi inatikisika kirahisi zaidi), Qes (namna mota, yaani sumaku na koili, inavyoidhibiti karatasi), Vas (ulaini wa mshikio wa karatasi, kwa lita za hewa), Bl (nguvu ya mota) na uzito wa karatasi, na vyote vinapimika kwa simu yenye programu ya kutoa mlio, amplifaya ndogo, rezista mbili na mita inayosoma milivolti za AC. Mita za bei rahisi ambazo AC yake inaanzia volti 200 hazifai hapa.

Namna ya kupima: rezista ya om 1,000 inaungwa kwa mfululizo kati ya amplifaya na spika. Kwanza weka rezista ya om 10 mahali pa spika na uongeze sauti mpaka mita isome milivolti 10 juu yake. Kuanzia hapo milivolti moja ni karibu om moja. Sasa weka spika, iwe imening'inizwa kwa kamba mbali na sakafu na ukuta, uzungushe masafa kutoka 15 Hz kwenda juu. Mita inapanda hadi kilele kisha inashuka. Penye kilele ndipo Fs. Ukinzani ukizidi om 50 usomaji unaanza kupungua kwa asilimia kadhaa kwa sababu ya rezista yenyewe, kwa hiyo kilele kisahihishwe kabla ya kuingia kwenye hesabu.

Spika ya sumaku pana: Fs 61 Hz, Qts (Qes pamoja na msuguano wa spika yenyewe, Qms) 0.58. Imeachwa. Qts kubwa namna hiyo maana yake mota ni dhaifu kwa uzito inaosukuma, na honi inataka mota yenye misuli.

Spika ya pili: Re (ukinzani wa koili) om 5.4, Fs 43 Hz, kilele om 82. Kwa kupata Qes tunatafuta masafa mawili, chini na juu ya kilele, ambako ukinzani ni kipeuo cha pili cha 5.4 × 82, yaani om 21. Yalikuwa 30.3 na 61 Hz. Hapo Qms inatoka 5.46, Qes 0.385 na Qts 0.36. Kisha donge la unga wa ngano la gramu 40, limefungwa nailoni, likabandikwa kwenye kofia ya katikati: Fs ikashuka hadi 37 Hz. Uzito unaotembea ni 40 kugawanya kwa ((43/37)² − 1), yaani gramu 114. Kutoka hapo Vas ni lita 124 na Bl ni 20.8. Kikomo cha juu kinachowekwa na uzito wa karatasi, 2 × Fs / Qes, kinaangukia 223 Hz. Maboksi yatapewa masafa ya hadi 110 Hz tu, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Zimenunuliwa nne, na kila moja imepimwa kivyake. Tofauti kubwa ya Fs kati yake ni 3 Hz, jambo la kawaida kwa spika mpya ambazo hazijalainika.

Wiki ya 2. Honi ya kwenye karatasi haipiti mlangoni

Hesabu za vitabuni zinasema mzingo wa mdomo wa honi ulingane na urefu wa wimbi la noti ya chini kabisa. Kwa joto la hapa, nyuzi 28, sauti inakwenda mita 348 kwa sekunde, hivyo wimbi la 50 Hz ni karibu mita 7. Honi ikikaa chini kwenye uwanja wazi, mdomo unaotakiwa ni mita za mraba 1.93. Huo si mdomo wa boksi, ni geti la nyumba.

Njia ya kutoka ni kugawana. Ardhi imeshaupunguza mdomo kwa nusu, ukuta unaupunguza kwa nusu tena, na maboksi yaliyobanana yanahesabika kama honi moja. Ukiyaweka mbele ya ukuta, mdomo unaotakiwa kwa 50 Hz unashuka hadi mita za mraba 0.96. Kila boksi letu litakuwa na mdomo wa sentimita 60 kwa 45, yaani 0.27. Mara nne ni 1.08. Kwa hiyo kinachosanifiwa hapa ni honi moja iliyokatwa vipande vinne ili ipakiwe. Ajengaye boksi moja la aina hii kwa ajili ya sebuleni atasikitika, na hatakuwa na wa kumlaumu.

Koo: eneo la karatasi ni sm² 855, na tumebana mara mbili, hivyo koo ni sm² 430. Ukibana zaidi, mara tatu au nne, sauti inaongezeka kidogo kwenye grafu lakini karatasi za spika za kawaida zinaanza kupinda na mwisho kupasuka shingoni, pale zinapokutana na koili.

Urefu wa honi ni mita 2.1. Kutoka sm² 432 hadi 2,700 kwa urefu huo, eneo linaongezeka maradufu kila sentimita 79. Upana wa ndani ni sentimita 60 mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kinachobadilika ni kimo cha njia tu: 7.2 kooni, 9.0 kwenye kona ya kwanza (sm 26 kutoka kooni), 15.8 kwenye kona ya pili (sm 90), 26.1 kwenye kona ya tatu (sm 147), na 45 mdomoni. Kati ya kona, mbao zimenyooka. Mchoro halisi ni mkunjo laini, ila tofauti yake na mbao zilizonyooka haisikiki kwenye besi.

Umbo: boksi kwa nje ni upana 63.6, kimo 105, kina 67. Chumba cha nyuma ya spika, lita 90, kipo katikati na honi inakizunguka. Spika inatazama mbele. Sauti inatoka kwenye tundu la mstatili la sm 36 kwa 12, inapanda nyuma ya ubao wa mbele, inapita chini ya dari kwenda nyuma, inashuka mgongoni, kisha inatoka chini mbele. Kati ya spika na tundu kuna pete ya mbao ya mm 18 ili karatasi isigonge ubao ikitembea. Kwa sababu chumba kimezungukwa pande zote nne, mlango wa kuitolea spika uko ubavuni, sm 41 kwa 40. Huo mlango utatusumbua baadaye.

Yote yamepitishwa kwenye Hornresp, programu ya bure ya hesabu za honi ya David McBean wa Australia. Angalizo moja: kisanduku cha Mmd kinataka uzito wa karatasi bila hewa inayoburutwa nayo. Namba ya gramu 114 ni pamoja na hewa. Ukiiingiza kama ilivyo, kwa spika ya inchi 15 unakosea zaidi ya gramu kumi na grafu inakudanganya kwa upole. Kwenye kisanduku cha nafasi ambamo sauti inatawanyika (Ang), anza na 2.0 x Pi kwa boksi moja uwanjani, kisha ubadilishe kuwa 1.0 x Pi uone ukuta unavyofanya kazi.

Wiki ya 3. Vifaa

Plaiwudi ya mm 18, shiti 7 kwa maboksi manne. Mbavu zinatoka tatu kwa shiti moja, na mbao za ndani zote za boksi moja zinatoka kwenye shiti moja iliyopasuliwa kanda mbili za sm 60. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) imeachwa kwa sababu ya hewa ya bahari: ukingo wake ukinywa unyevu unavimba kama mkate kwenye chai. Marine bodi za kahawia za kumwagia zege tulizijaribu kwa kipande kimoja. Uso wake una ngozi laini isiyoshika gundi. Lazima uiparue kwa msasa kila panapokuja kiungo, na ukisahau sehemu moja kiungo kinaachia miezi michache baadaye.

Vingine kwa boksi moja: papi za mbao laini zilizochanwa sm 3 kwa 3, jumla mita 9, skrubu 4 × 40, kama 130, gundi nyeupe ya mbao lita moja, silikoni tyubu 2, bolti za M6 na nati zake za kuzamisha, 8 za spika na 12 za mlango, waya wa 2.5 mm², wavu wa chuma wa matundu ya mm 12. Miguu ni vipande vya mtiki wa Longuza kutoka Muheza. Mtiki una mafuta ya asili, kwa hiyo ufutwe kwa spiriti kabla ya kupaka gundi, na bado utie skrubu.

Wiki ya 4 na 5. Kukata

Vernia ilipowekwa kwenye plaiwudi, mm 18 ilikuwa 16.8. Kosa hilo dogo lina madhara mahali pamoja: michoro iliyopigwa kwa kuamini 18 inaacha nafasi ya milimita moja kila ubao unapokutana na mwingine, na nafasi ya milimita moja kwenye chumba chenye mgandamizo ni filimbi. Dawa ni kuchora kila ubao kwa mstari wa uso wake unaotazama njia ya honi. Unene uende upande wa chumba. Hapo koo linabaki 7.2 hata mbao ikiwa nyembamba.

Kuchora: ubavu mmoja unalazwa mezani na mchoro wote unapigwa kwa ukubwa wake halisi. Kisha ubavu wa pili unawekwa chini yake, nyuso nzuri zote nje, vinabanwa kwa jiliwa, na matundu ya mm 3 yanatobolewa kupita mbao zote mbili katikati ya kila mstari. Matundu hayo yanafanya kazi mbili. Yanahamisha mchoro upande wa pili bila kupima tena, na ndimo skrubu zitakamopita. Jozi moja ilitobolewa nyuso nzuri zikitazama upande mmoja. Zikatoka mbavu mbili za kushoto. Uso mbaya wa mmoja umelazimika kukaa nje, na boksi hilo sasa linatambulika kwa putty yake.

Pembe za kukata za kona zipimwe kwa karatasi ngumu kwanza. Kwenye kona ya tatu, kimo cha 26.1, tumeweka ubao wa mshazari. Kwa masafa ya chini ya 110 Hz, ambako wimbi ni zaidi ya mita 3, sauti haijali kona ya sentimita 26. Faida yake ni kuukaza mgongo wa boksi, ambao ndio ubao mkubwa kuliko yote usio na kitu katikati. Chini ya tundu la koo nako kuna mfuko wa sentimita 15 usio na kazi. Umejazwa vipande vya masalio.

Wiki ya 6. Kuunga, huku masika yakinyesha

Mpangilio wa kuunga hauna mjadala: ubavu wa kwanza chini, papi zote upande wa chumba (papi ikikaa ndani ya honi inakula eneo), kisha mbao za ndani kuanzia kooni kwenda mdomoni, kisha dari, sakafu na mgongo, na mwisho ubavu wa pili unafunika kila kitu kwa mara moja. Kabla ya tone la kwanza la gundi, boksi zima lifungwe kavu kwa skrubu chache. Ubavu wa pili ukishakaa, mkono unafika mdomoni kwa sentimita 60 tu na chumbani kupitia mlango. Koo halifikiki tena mpaka kiama.

Gundi nyeupe kwenye nyuzi 30 inaanza kufanya ngozi kabla ya dakika kumi. Ubavu wa pili una karibu mita 5 za viungo. Mtu mmoja hawezi. Wawili wanapaka kutoka pande mbili kwa brashi, wa tatu anasubiri na ubavu mkononi, skrubu zinaanzia katikati kwenda kingoni, umbali wa sm 15. Matundu ya mm 2.5 yatobolewe kwanza la sivyo tabaka za plaiwudi zinapasuka. Gundi ikifurika nje ya kiungo ndiyo dalili njema. Kiungo kikavu kisichotoa kitu kina njaa, na kitavuja.

Kukauka: juu inashika kwa saa mbili, lakini mvua ikinyesha siku nzima boksi lilibaki siku tatu kabla ya kusogezwa. Plaiwudi iliyoegeshwa ukutani wiki hiyo ilipinda. Ilazwe chini, juu ya papi, na uzito juu yake. Kingo zote zilizokatwa zimepakwa vanishi mikono miwili siku ileile.

Chumba cha nyuma kimewekwa singa za mkonge gramu 800, zimekaushwa juani na kushonwa ndani ya chandarua cha zamani ili unyuzi usiingie kwenye koili. Sponji ya godoro inafanya kazi hiyohiyo. Mkonge hapa Tanga ni rahisi kuupata kuliko sponji nzuri, basi.

Wiki ya 7. Uvujaji

Boksi la kwanza lilipowashwa kwa mlio wa 45 Hz lilitoa "fff, fff" kama tairi la baiskeli. Uvujaji kwenye chumba cha nyuma unaharibu mambo mawili: karatasi inapoteza kizuizi chake na kutembea zaidi, na kelele ya hewa inasikika juu ya muziki pale kila mtu anaponyamaza kumsikiliza mwimbaji.

Silikoni ya kubahatisha haisaidii kama hujui tundu liko wapi. Chetezo kimetoa jibu. Kipande cha udi juu ya kaa, mlio wa 45 Hz wa volti 6 hivi, milango na feni za karakana zimefungwa, na chetezo kinapitishwa polepole kwenye kila kiungo kwa umbali wa kidole. Mahali pazima moshi unapanda wima. Penye uvujaji unakatika vipande, unasukumwa na kuvutwa, kama pumzi ya mtu aliyelala. Kiganja kilicholowa maji kinahisi hivyo hivyo, ila moshi unaonyesha tundu la ukubwa wa sindano.

Yaliyopatikana kwenye maboksi manne: viungo vya mbao viwili tu. Vingine vyote, tisa, vilikuwa kwenye mlango wa ubavuni. Nati za kuzamisha zinapita upande wa pili wa mbao, na hewa inatoka kupitia hesi za bolti yenyewe. Kila nati sasa imefunikwa kwa nyuma na kofia ya silikoni. Utepe wa sponji wa mm 5 uliozunguka mlango nao ulikuwa na mwanya pale ncha zinapokutana. Ncha zikatwe mshazari zipandane. Tena bolti 12 si nyingi kwa mlango wa ukubwa huo. Zilipojaribiwa 8, mlango ulipinda katikati ya bolti na moshi ukacheza.

Tatizo lingine halikuwa uvujaji. Boksi la tatu lilizizima karibu na 160 Hz. Gonga kwa kifundo cha kidole ubao hadi ubao: unaolia kama ngoma ndio mkosaji. Ulikuwa ubao wa mbele, pengo ndani ya tabaka za plaiwudi. Tundu la mm 4, gundi ikasukumwa kwa bomba la sindano, uzito juu yake usiku mzima. Kisha papi moja ya mshazari.

Kufunga spika kupitia mlango wa ubavuni: bolti nne za upande wa mbali hazifikiwi kwa spana ya kawaida. Spana ya boksi yenye rodi ya sm 40 inahitajika, na bolti zianzishwe kwa vidole. Waya uwe mrefu kiasi cha spika kutoka nje kabisa kabla ya kung'olewa.

Chanya na hasi ya spika: betri ya volti 1.5, chanya kwenye nyekundu, karatasi isogee kuelekea honi. Kwa kuwa unatazama kwa nyuma, utaiona inakukimbia. Mmoja wetu aliizoea spika ya kawaida na akageuza waya kwenye boksi la pili. Maboksi mawili yakawashwa pamoja na besi ikatoweka kabisa. Mlango ukishafungwa huoni kitu, hivyo dawa ni sikio: mlio wa 60 Hz, geuza waya wa boksi moja, penye sauti kubwa ndipo sahihi.

Wiki ya 8. Kupima uwanjani

Vipimo vimefanyika uwanja wazi, alfajiri, kabla kusi haijaanza. Upepo kwenye maikrofoni unaonekana kama besi ya 30 Hz na kumfurahisha bure asiyejua. Maikrofoni ililazwa chini mita 4 kutoka mdomoni, volti 2.83, programu ya kupimia sauti ni REW. Ongeza dB (desibeli) 12 kupata usawa wa mita moja.

Boksi moja: dB 84 kwenye 45 Hz, 91 kwenye 55, 97 kwenye 70, na 100 kati ya 90 na 110. Kuna vilima na mabonde ya karibu dB 6, alama ya mdomo mdogo: sauti ikifika mdomoni sehemu yake inarudi ndani.

Maboksi manne yaliyobanana, volti ileile: kwenye 100 Hz nyongeza ni dB 12, kama hesabu inavyotaka. Kwenye 55 Hz nyongeza ni dB 15, na vilima vimepungua hadi chini ya dB 3. Hizo dB 3 za ziada hazikununuliwa kwa wati. Ni mdomo umekuwa mkubwa.

Kubanana kwenyewe: mawili chini yamepinduliwa midomo juu, mawili juu yao midomo chini. Midomo yote minne inakutana katikati. Ndiyo maana miguu ya mtiki iko pande zote mbili za kila boksi. Boksi moja lina karibu kilo 58 pamoja na spika.

Ukuta: migongo iguse ukuta au ikaribie. Mdomo ukiwa sm 67 kutoka ukutani, sauti inayorudi inachimba shimo karibu na 130 Hz, nje ya kazi yetu. Ukiyasogeza mbele mpaka mdomo uwe mita 1.2, shimo linahamia 72 Hz, katikati kabisa ya gitaa la besi. Ama ukutani kabisa, ama mbali nao moja kwa moja.

Wiki ya 9. Krosova, limita, kuchelewesha

Krosova, kifaa cha kugawa masafa: kata juu 110 Hz, dB 24 kwa okteva. Kata chini 42 Hz, dB 24 pia, na hili halina hiari. Chini ya masafa yake honi haiishiki tena karatasi, na karatasi inatembea kana kwamba iko wazi. Uzi wa chini wa gitaa la besi ni 41 Hz. Sikio litaujenga kutoka kwenye 82 Hz iliyo juu yake. Anayetaka 41 yenyewe ajenge honi ndefu zaidi na akodi lori.

Limita, kizuizi cha volti zisizidi: spika inabeba wati 300 kwa om 8, hivyo volti 49. Hesabu kwa volti, si kwa taa nyekundu za amplifaya. Chumba cha nyuma kimefungwa na joto la koili halina pa kwenda. Shaba ikipanda nyuzi 100 ukinzani wake unaongezeka karibu asilimia 39, om 5.4 inakuwa 7.5, na sauti inashuka taratibu. Mchanganyaji anaongeza, koili inazidi kupata moto. Sauti ikianza kulegea saa sita usiku, punguza dB 3 kwa dakika kumi.

Kuchelewesha: besi inasafiri mita 2.1 ndani ya boksi kabla ya kutoka. Spika za masafa ya juu zilizo sambamba na mdomo zicheleweshwe milisekunde 6. Bila hilo, ngoma inapigwa mara mbili, fimbo kwanza na tumbo baadaye.

Maboksi mawili kwa kila chaneli, om 4. Waya wa 2.5 mm² mita 10 unakula karibu om 0.14 kwenda na kurudi, hasara ya asilimia 3 na ushee. Ule mwembamba wa taa umekatazwa.

Wiki ya 10. Kazini, Makorora

Wavu wa mdomo ulionekana urembo mpaka boksi lilipolala stoo wiki moja bila wavu na panya akahamia kooni. Alitolewa kwa mlio wa 60 Hz. Wavu umefungwa kwa skrubu 14 na utepe wa mpira chini yake ili usitetemeke.

Kwenye shughuli ya kwanza yote manne yamewekwa upande mmoja, mgongo kwenye ukuta wa ua. Mama mwenye shughuli hakuridhika: "Mwanangu, mbona upande wa bibi harusi mtupu?" Sababu inapimika. Ukiyagawa mawili mawili mita 10 mbalimbali, anayekaa mahali ambapo tofauti ya njia ni mita 2.5 anapoteza 70 Hz yote, na kila meza itapata besi yake tofauti. Tena kila upande unabaki na mdomo wa mita za mraba 0.54, na 55 Hz inarudi ilikokuwa. Haya hayaelezeki kwa mama mwenye wageni mia tatu, muziki ukiwa unasubiriwa.

Tumejibu "sawa mama", na upande wa bibi harusi limewekwa boksi la zamani lisilo na spika, limefunikwa kanga mbili mpya na taa ya rangi juu yake. Kwenye orodha ya kupakia kirikuu limeongezwa kama boksi namba 5.